Watu Wale Wale wa Picha za Kutisha

Msomaji mpenzi, zamani mtu wa kijijini aliyetaka kuona picha ya sinema ya kutisha ilimpasa kwenda mjini, akakata tikiti, akakaa gizani pamoja na watu mia kadhaa, kisha akarudi kwake huku akitazama nyuma mara mbili mbili. Leo picha hiyo imo katika simu ya mwanao. Yeye amejilaza chini ya chandarua, wewe wadhani amekwisha kusali na kulala, kumbe anatazama maiti waliofufuka makaburini wakila watu. Sikuambii uanze ugomvi naye usiku huu. Lakini yafaa umjue mgeni huyo aliyeingia nyumbani mwako bila kubisha hodi. Tena kumjua si kazi ngumu. Picha za kutisha ni maelfu, lakini watu waliomo ni wale wale. Ukiisha kuwajua wachache, umewajua karibu wote.

Wa kwanza ni Mpumbavu. Huyu hasikii la mkuu. Ameambiwa nyumba ile asiingie, yeye aingia. Amesikia kishindo darini, na badala ya kukimbia nje, apanda ngazi kwenda kutazama, tena peke yake, tena na tochi iliyokwisha betri. Gari lake haliwaki. Mlango uliokuwa wazi haufunguki tena. Pamoja naye hufuatana rafiki zake: kijana mwenye mabavu na majivuno, binti asiyefikiri lingine ila nguo zake, mcheshi, na yule mwenye miwani aliyesoma vitabu vyote asiweze kumwokoa mtu hata mmoja. Katika picha nyingi za Marekani za miaka ya 1980 hao ndio waliokufa kwa zamu, na mtazamaji mzoefu aliweza kusema ni nani afuataye. Mwaka 1996 Wes Craven alitoa picha iitwayo Scream, iliyojengwa juu ya jambo hilo hilo: vijana waliomo wanazijua kanuni za picha za kutisha, wanazitaja kwa vinywa vyao wenyewe, na bado wanakufa.

Jirani ya Mpumbavu ni Mzee wa Kuonya. Katika Friday the 13th, picha ya mwaka 1980, ni mzee wa baiskeli ambaye watu wamwona ni kichaa, naye awaambia vijana kwamba kambi wanayokwenda ina laana. Hakuna amsikilizaye. Mtazamaji wa kwetu hushangaa: mzee anasema, vijana wanacheka! Ila tuseme kweli, siku hizi jambo hilo haliko Marekani peke yake.

Hao tuwaache, maana madhara yao ni madogo. Twende Unguja, tukaonane na wengine.

MWANAMKE WA USIKU

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar palikuwa na majumba ya sinema ya kujivunia. La Vuga lilijengwa mwaka 1921 likaitwa Royal, na ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, bwana yule wa Serikali ya Kiingereza aliyechora majengo mengi ya mji ule. Likaungua moto, likajengwa upya mwaka 1955 na kupewa jina la Majestic. Darajani palikuwa na Empire, na Malindi palikuwa na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitwa Cine Afrique. Leo hakuna hata moja kati ya hayo inayojaza watu kila jioni kama zamani, ingawa tangu mwisho wa miaka ya 1990 kuna tamasha la filamu la nchi za jahazi, na picha huonyeshwa katika Ngome Kongwe, chini ya nyota.

Katika majumba yale picha zilizopendwa kupita zote zilikuwa za Kihindi. Na Wahindi, katika picha zao za kutisha, walikuwa na mtu mmoja hodari sana: mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, aendaye usiku akiimba. Katika Mahal, ya mwaka 1949, bwana mmoja anahamia katika jumba la zamani, naye asikia sauti ya mwanamke akiimba, amwona kwa mbali, akimkaribia hayupo. Lata Mangeshkar ndiye aliyeimba wimbo ule, na ndio uliomfanya ajulikane. Mwaka 1964 ikatoka Woh Kaun Thi?, maana yake “Alikuwa nani yule?”, ambamo daktari aendesha gari usiku wa mvua na kumkuta mwanamke mweupe wa nguo, amesimama njiani peke yake.

Sasa sikiliza mwisho wake. Katika Mahal yule mzuka si mzuka. Ni binti wa mtunza bustani. Katika Woh Kaun Thi? mambo yote yale ya ajabu ni hila ya watu waliotaka kumtia daktari wazimu ili wapate urithi wake. Mzimu ulikuwa ni mashamba na fedha! Naomba uliweke neno hilo la urithi akilini, maana tutalirudia, na mara hiyo halitakuwa la sinema.

Watu wa Unguja hawakuhitaji kufundishwa na Bombay habari za mwanamke wa usiku. Pwani yote, toka Lamu hadi Kilwa, husimuliwa hadithi ya kijana anayekutana njiani na mwanamke mzuri mno, anayenukia udi na asmini. Wafuatana, wazungumza, kijana amekwisha kupotewa na akili. Mara upepo wainua nguo kidogo, na chini hakuna nyayo ila kwato za punda. Wahindi nao husema kuwa mzuka wao wa kike nyayo zake zimegeuka nyuma. Naona ajabu kwamba watu wa pande mbili za bahari moja walikubaliana kuwa shetani huficha kila kitu isipokuwa miguu. Mwanzoni mwa karne hii Mussa Banzi wa Dar es Salaam alimpeleka mwanamke huyo katika video ya Kiswahili iitwayo Shumileta, ambamo jini wa kike ampenda mwanadamu, na picha ile ikatazamwa sana. Mama mmoja aweza kuuliza: kwa nini jini awe mwanamke mrembo daima, na mwanamume aliyetoka nyumbani usiku kwenda kutafuta wanawake aonekane ndiye aliyeonewa? Ni swali zuri. Watengenezaji wa picha hawajalijibu.

MGENI

Ulaya, mtu wa kutisha alikuwa mgeni. Katika Nosferatu, picha isiyo na sauti iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1922, mnywa damu atoka nchi ya mbali kwa jahazi, na mjini afika pamoja na panya na tauni. Katika Dracula ya mwaka 1931 aliigizwa na Bela Lugosi, mzaliwa wa Hungaria, ambaye Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ya kwao. Watu walipomsikia tu akisema “Karibuni” nywele ziliwasimama. Hakuwa amefanya lolote bado. Alikuwa ametoka mbali, amevaa joho, na amesema kwa namna ya kigeni, hayo yalitosha.

Usiwacheke. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na mumiani. Katika siku za ukoloni watu wa pwani waliamini kuwa kuna watu wanaowakamata wenzao usiku na kuwatoa damu ili ifanywe dawa. Nairobi na miji mingine lawama ziliwaangukia wazimamoto: gari lao jekundu, sare zao, kukesha kwao usiku. Na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliogopwa watu walioitwa banyama, na miongoni mwa walioshukiwa walikuwamo Mapadre Weupe wenyewe. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima juu ya habari hizo, kilichotoka mwaka 2000. Fikiri, ndugu msomaji: padre wa kanzu nyeupe, aliyetoka mbali, anayesema lugha ya wenyeji kwa lafudhi ngeni, na ambaye kila siku altareni hutamka maneno juu ya damu. Kwa mtu asiyejua maana yake, alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Bela Lugosi, ila joho lilikuwa jeupe.

PADRE

Naye padre amekuwa mtu wa picha za kutisha kwa miaka mingi. Mkubwa wao yumo katika The Exorcist, ya mwaka 1973, iliyoongozwa na William Friedkin kutokana na kitabu cha William Peter Blatty, ambaye alikuwa Mkatoliki. Picha hiyo si ya watoto, na wala si ya watu wazima wote; ina matusi na mambo machafu ambayo sitaki kuyataja hapa. Lakini jambo moja yafaa lijulikane, maana wengi walioiiga waliiga kutapika na makelele wakaliacha hilo.

Binti aliyeingiwa na pepo apelekwa kwanza kwa madaktari, apimwa hiki na kile, tena na tena. Padre kijana, Karras, ambaye ni daktari wa magonjwa ya akili pia, haamini upesi. Atafuta kila njia ya kuonyesha kuwa ni ugonjwa. Akiisha kusadiki, hakurupuki na msalaba mkononi. Aenda kuomba ruhusa kwa Askofu. Na hivyo ndivyo Kanisa linavyoagiza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, yasema kwamba hakuna awezaye kumpunga pepo mtu aliyepagawa bila ruhusa maalumu ya Askofu wa mahali, na ruhusa hiyo yapewa padre mwenye uchaji, elimu, busara na mwenendo safi. Elimu na busara, umeona? Si sauti kubwa.

Linganisha na mhubiri wa video nyingi za kwetu na za Nigeria. Naye ni mtu wa aina yake: suti, kitambaa cha kufutia jasho, mikono juu, na kwa dakika tatu pepo ametoka, familia yacheka, muziki wapigwa. Living in Bondage, video ya Nigeria ya mwaka 1992 iliyofungua njia ya biashara ile yote, ina mume anayemtoa mkewe mhanga ili apate mali, kisha mzimu wa mke wamwandama hata apata wokovu kanisani. Ilikuwa hadithi ya nguvu, na toba ilikuwamo. Lakini mhubiri wa baadaye amekuwa kama bomba la maji: unafungua, muujiza watoka. Na msalaba katika picha za Dracula hutumiwa kama hirizi, kwamba ukiuinua tu mnywa damu akimbia, hata kama wewe mwenyewe huna imani wala sala. Kijana akikuuliza juu ya hilo, mwambie wazi kuwa sivyo Kanisa lifundishavyo.

Baba Watakatifu hawakulala juu ya mambo ya sinema. Pio XI aliandika barua yake Vigilanti Cura tarehe 29 Juni 1936, na Pio XII akafuata na Miranda Prorsus mwaka 1957. Hawakusema sinema ni ya shetani. Walisema ina nguvu kubwa ya kujenga na ya kubomoa, na Pio XI alitaka kila nchi iwe na orodha ya kuwaambia waamini picha ipi yafaa na kwa nani. Kwetu Tanzania Bara kuna Bodi ya Filamu inayopanga picha kwa umri wa watazamaji. Bahati mbaya simu haisomi umri wa aishikaye.

BIBI KIZEE

Sasa twafika kwa mtu ambaye nataka ukae naye zaidi.

Yumo karibu katika kila video ya kutisha ya nchi yetu, kama alivyokuwamo katika hadithi za Ulaya za kutishia watoto. Ni mwanamke mzee. Anaishi peke yake mwisho wa kijiji. Hana mume, wanawe wamekufa au wako mbali. Amejifunga kitambaa cheusi. Macho yake ni mekundu. Kamera yaanza na macho, ngoma yapigwa, na mtazamaji hahitaji kuambiwa zaidi: huyu ndiye mchawi. Mwigizaji aliyepewa kazi hiyo huenda ni mama mwema wa watoto sita, na macho yake yametiwa rangi.

Lakini katika vijiji vya Usukumani macho mekundu hayatiwi rangi. Mwanamke aliyepika miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni na mahali pengine kwa samadi iliyokauka, macho yake huwa mekundu kwa moshi. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine. Na kwa macho hayo wanawake wazee wameuawa kwa mapanga usiku, hasa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, tangu miaka ya zamani. Katika baadhi ya miaka baada ya 2010, taarifa za haki za binadamu zilihesabu mamia ya watu waliouawa Tanzania kwa kutuhumiwa uchawi katika mwaka mmoja, na wengi wao walikuwa akina mama wazee.

Nani huwataja? Hapa ndipo aingiapo mtu mwingine wa sinema, mganga wa ramli, mwenye kibuyu na manyoya na kicheko. Katika video huwa wa namna mbili, mbaya anayeroga na mzuri anayefichua aliyeroga. Mtazamaji humwogopa yule mbaya. Mimi nasema yule wa kufichua ndiye wa kuogopwa, maana nje ya sinema ndiye amwambiaye kijana aliyefiwa na mtoto, “Aliyemwua ni mwanamke mzee, yuko upande wa mashariki ya nyumba yako.” Kila nyumba ina jirani wa mashariki. Tena mara nyingi yule mzee ana kipande cha shamba, na kuna mtu anayengoja kukirithi. Umekumbuka lile neno la Woh Kaun Thi? Katika picha ya Kihindi hila yafichuliwa na watu wakaimba. Kijijini mzee amekwisha kuzikwa.

Sheria dhidi ya mambo ya uchawi tunayo tangu mwaka 1928. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyozidi kuanzia mwaka 2006 au 2007, nayo yalitokana na maneno ya waganga wa namna hiyo, hata Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku hayakuifikia video. Humo mganga angali ajua kila kitu, na hakosei kamwe.

WATU WENYE MIENGE

Yuko mmoja ambaye majina yake hayaandikwi mwishoni mwa picha, maana ni wengi. Ni lile kundi la wanakijiji.

Katika Frankenstein ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, kiumbe kile kirefu, alichokiigiza Boris Karloff, kinakimbizwa na watu wa mji mzima wenye mienge na mbwa, hata kinazingirwa katika kinu cha upepo, nao wakatia kinu moto. Watoto wengi hukumbuka sura ya kiumbe. Watu wazima wakitazama tena, waikumbuka mienge. Mwaka 1968 George Romero akatoa Night of the Living Dead, picha ya bei ndogo ya maiti wanaotembea. Mtu hodari ndani yake ni mtu mweusi, Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, jambo lililokuwa geni katika picha za Marekani za siku zile. Ben apigana usiku kucha, wenzake wote wafa, yeye aona mapambazuko. Asubuhi laja kundi la watu wenye bunduki, likisafisha nchi. Wamwona kwa mbali dirishani, wadhani ni mmoja wa wale maiti, wampiga risasi ya kichwa. Hawamwulizi neno.

Mwaka 1995 jambo hilo lilitokea Unguja, na haikuwa sinema.

Mwanzoni mwa mwaka huo, katika mwezi wa Ramadhani, ilitoka Pemba habari ya Popobawa. Jina lenyewe ni popo na bawa. Walisema ni shetani aingiaye nyumbani usiku na kuwaonea watu wakiwa wamelala, kwa namna ambayo gazeti la jamaa halina haja ya kuieleza, na kwamba aliyeonewa lazima aseme, asiposema atarudiwa. Unaona hila ya habari hiyo? Hofu yenyewe yaamuru itangazwe. Ikavuka bahari, ikafika Unguja. Mjini watu waliacha vyumba vyao, wakalala nje barazani na viwanjani, jamaa nzima pamoja, wakiota moto na kukesha. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na mioyo ya watu ilikuwa imejaa mashaka mengine pia; kila upande ukawa na maelezo yake juu ya nani aliyemleta shetani huyo.

Wataalamu wamejaribu kueleza. Kuna hali ambayo mtu huamka akili kabla mwili haujaamka: macho yaona, lakini mkono hauinuki, kifua chaelemewa, na mtu ahisi kuna aliyesimama karibu naye. Wazee wetu waliliita jinamizi. Hutokea duniani kote, na kila nchi imempa jina lake yule aliyesimama. Hayo ni maelezo ya jambo moja katika mengi, na mtu aliyelala barazani siku zile akiwa ameshika panga hakuwa nayo.

Basi katika usiku mmoja wa siku zile alionekana mjini mtu asiyejulikana. Watu wakapiga kelele kwamba ndiye. Wakamwua. Baadaye ikajulikana alikuwa mgonjwa wa akili kutoka bara, aliyekuja Unguja kutafuta matibabu. Mgeni, tena mgonjwa, tena peke yake usiku: alikuwa na alama zote ambazo hadithi humpa mtu wa kutisha. Popobawa alisemwa tena miaka ya baadaye, Unguja na hata Dar es Salaam mwaka 2007, magazeti ya Ulaya yakamwandika kwa kicheko, na Katrina Daly Thompson akatoa kitabu juu yake mwaka 2017. Amepata pia video yake ya Kiswahili. Aliyeuawa 1995 hakupata.

ANAYEBAKI

Yuko bado mmoja. Katika picha nyingi za Marekani, wote wakiisha kufa, hubaki binti. Carol Clover, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alimwandikia kitabu mwaka 1992. Katika Halloween, ya mwaka 1978, ni Jamie Lee Curtis, naye aigiza binti wa shule aliyeachiwa watoto wa jirani awalinde. Wenzake wameshughulika na pombe na wavulana. Yeye anatazama watoto. Tena anatazama kweli: tangu mchana amemwona mtu amesimama nyuma ya ua, wengine wamwambia ni ndoto zake. Clover aona kwamba binti huyu hubaki kwa sababu yeye hutazama na kufikiri kabla ya wengine. Si kwa nguvu za mikono.

Hadithi za Unguja zilikuwa na mtu huyo kabla sinema haijazaliwa. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Kianglikana na kujenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, alikusanya hadithi za watu wa Zanzibar na kuzipiga chapa mwaka 1870. Mojawapo ni ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alikamata ndama, watu wakamshitaki. Sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake, mwacheni. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu, na Sultani ni yale yale. Mwisho akawala wana wa Sultani mwenyewe. Hapo tu ndipo Sultani alipokiri kuwa huyu si paka tena, ni nunda, mla watu. Sijui picha ya kutisha iliyomchora vizuri zaidi mkubwa anayelea ubaya kwa kuwa bado haujamfikia yeye.

Akatoka kumtafuta nunda yule mwana mdogo kuliko wote, aliyezoea kukaa jikoni na kudharauliwa. Mara ya kwanza akaua mbwa, akamburura hadi kwa mama yake akifurahi kwamba amemwua nunda. Mama akatazama, akamwambia siye. Akarudi porini, akaleta mnyama mwingine, mama akasema siye. Akaua punda milia, akaua twiga, akaua kifaru, hata tembo, kila mara kwa shangwe, na kila mara mama akatazama na kusema siye, mwanangu, akimweleza namna nunda alivyo.

Mwisho alifika mlimani, akamkuta mnyama amelala. Hakumpiga papo hapo. Alisimama akamtazama: masikio, mama alisema ni madogo, na haya ni madogo, mwili, mama alisema ni mpana, nao ni mpana, madoa, aliyasema, nayo yapo, mkia, alisema ni mnene, nao ni mnene. Alipokwisha kuvihesabu vyote, ndipo alipowaita wenzake waandae silaha.